Inkscape kwa mwalimu wa baiolojia: uzoefu wangu

Nafundisha baiolojia, somo lisilokwenda bila michoro. Kwa muda mrefu nilitegemea picha za intaneti. Ukizikuza kwenye projekta zinatawanyika kuwa pikseli, na majina ya sehemu yameshagandishwa humo humo, hayatoki. Ndipo nikajifunza Inkscape, na sasa naiona kuwa kifaa cha kufundishia kabla ya kuwa programu ya usanifu.

Ni programu huria ya bure, iliyoanza mwaka 2003, na inafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux. Ukishaisakinisha haikudai akaunti wala intaneti. Inachora kwa vekta: badala ya kuhifadhi pikseli, inahifadhi maelezo ya mstari unapoanzia, unapopindia na unapoishia. Figo niliyoiweka kwenye kona ya karatasi ya mtihani naweza kuichapa kwenye bango la ukutani, na kingo zake zikabaki safi vilevile.

Ugumu uko kwenye kalamu. Haiburutwi kama penseli. Unaweka nodi, yaani nukta ambazo mstari unapitia, kisha unavuta mikono yake, vishikio vidogo vinavyotokeza kwenye nodi, mpaka mstari upinde unavyotaka. Mikunjo hiyo ina jina la Pierre Bézier, mhandisi wa Renault aliyeitumia kubuni mabodi ya magari miaka ya 1960. Anayeanza aweke nodi pale tu mkunjo unapobadili mwelekeo, maana zikizidi mstari unajaa makunyanzi. Mafunzo yaliyomo kwenye menyu ya msaada yanafaa sana, kwa kuwa yenyewe ni michoro: unasoma maelezo na kujaribu papo hapo, kwenye ukurasa uleule.

Kilichonipendeza kuliko vyote ni matabaka: sehemu za mchoro zinazopangwa moja juu ya nyingine, kila moja ikiweza kufichwa au kuonyeshwa peke yake. Mchoro wangu wa moyo una tabaka la misuli, la vali, la mishipa, la mishale ya damu na la majina. Darasani naanza na misuli peke yake, kisha nafungua tabaka moja moja kadiri maelezo yanavyosonga, ili jicho la mwanafunzi lisikutane na kila kitu kwa mkupuo. Nikizima majina nikabakiza mistari ya kuelekezea, swali la mtihani liko tayari. Mchoro ni uleule, hivyo hakuna anayepotezwa na picha ngeni siku ya mtihani.

Halafu nawapa wanafunzi faili wapake rangi wenyewe: nyekundu kwa damu yenye oksijeni nyingi, buluu kwa damu iliyopungukiwa. Wakifika kwenye ateri ya mapafu mikono inasimama. Walishakariri kuwa ateri hubeba damu yenye oksijeni, na mishale inawaonyesha damu inayotoka ventrikali ya kulia kwenda kuichukua hiyo oksijeni. Hapo wanauliza, na swali hilo nalithamini kuliko maelezo yangu yote, kwa sababu limetoka kwenye kazi ya mikono yao. Ateri ni mshipa unaotoa damu moyoni, basi. Oksijeni haimo katika maana yake.

Kasoro zipo. Watu wawili hawawezi kuhariri faili moja kwa wakati mmoja, kwa hiyo kazi za vikundi inabidi zigawanywe vipande. Ukirundika athari za ukungu na vivuli, kompyuta yenye kumbukumbu ndogo inakuwa nzito. Anayepeleka kazi kiwandani kwa uchapaji wa rangi nne ataona upungufu pia, ingawa kwa printa ya kawaida ya shule sijaona tatizo. Na mtu anayetaka mabango ya matangazo tu, ya haraka, huduma zenye violezo tayari zitamfaa zaidi.

Jambo moja la kuzingatia kabla ya kuhamishia faili kwenye kompyuta nyingine: fonti isipokuwepo kule, maandishi hubadilika na kuhama mahali pake. Tengeneza nakala, chagua maandishi, yageuze kuwa njia, yaani mistari ya kuchorwa isiyohitaji fonti, kwa kubonyeza pamoja Shift, Ctrl na C, kisha hamisha hiyo nakala. Faili halisi libaki kwako, kwa kuwa maandishi yakishageuzwa hayasahihishiki tena kwa kibodi.