Waliihukumu DPF bila kuipima

Nyota moja, na hiyo moja si ya gereji, ni ya kijana wao mmoja.

Gari ni la dizeli. Taa ya DPF, yaani chujio la kunasa masizi kwenye ekzosi, iliwaka, ikafuata ya injini, kisha nguvu zikakatwa: unakanyaga mafuta, gari halipandi. Fundi mkuu akachomeka mashine, akasoma kodi ya hitilafu P2463, yaani masizi yamezidi kwenye DPF, na papo hapo hukumu ikatoka: "DPF imekufa. Nunua mpya au tuitoboe." Kwenye skrini hiyo hiyo, chini yake tu, ilikuwepo P2453, ambayo inalalamikia sensa ya tofauti ya presha. Akaipita kama hajaiona.

Nikamuuliza sensa inasoma ngapi swichi ikiwa imewashwa na injini imezimwa. Jibu lake, mbele ya wateja: "Bosi, umeleta gari au umekuja kunifundisha kazi?"

Sikuuliza kwa ujuaji. Kwenye gari hili sensa hiyo ina mipira miwili, mmoja umetoka kabla ya DPF na mwingine baada yake, na kazi yake ni kulinganisha presha za pande hizo. Injini ikiwa imezimwa hakuna moshi unaopita. Hata DPF ingekuwa imeziba kabisa, tofauti lazima iwe sifuri, au milibari (kipimo cha presha) moja mbili tu. Ile ilikuwa inasoma 38! Mzani unaoonyesha kilo kabla hujaweka kitu, utakubali ukupimie nyama? Kompyuta ya gari ilikubali. Ikajumlisha kosa hilo kwenye kila kipimo, ikaamini masizi yamejaa, ikakata nguvu. Kuligundua hilo ni kazi ya dakika moja bila kufungua hata boliti.

Badala yake wakaamuru kwa mashine uchomaji wa lazima, yaani kuyaunguza masizi ndani ya DPF, gari likiwa limeegeshwa uani, kisha wakaenda zao. Hapa ndipo hasira zilipopanda. Uchomaji huo unapeleka joto la DPF karibu nyuzi 600, na joto hilo linapatikana kwa kumwaga dizeli ya ziada mwishoni mwa mwako. Sehemu ya dizeli hiyo hupenya kwenye ringi za pistoni na kushuka kwenye oili. Tena kama masizi kweli yangekuwa yamepita kiwango, yangeweza kushika moto kwa mkupuo na kuipasua seramiki ya ndani. Ndiyo maana anayefanya kazi hii anakaa na mashine mkononi akitazama sensa za joto la ekzosi mwanzo hadi mwisho. Kwao hakukaa mtu. Uchomaji ulipoisha, wakazima injini: 38 ile ile. Walikuwa wamechoma kosa la sensa.

Sasa kijana. Alikuja bila maneno, akasema tu "kaka, ngoja niangalie mipira." Akaichomoa yote miwili kwenye sensa, akaipuliza kuelekea kwenye bomba, hewa ikapita vizuri, hakuna maji, hakuna ufa, haijabadilishwa nafasi. Akaiacha sensa wazi, haijaungwa na chochote, akasoma tena: 38. Ingerudi sifuri, tungetafuta kosa kwenye mipira. Kabla ya kuitupa akapima waya wa volti 5 na waya wa ethi, vyote vizima. Basi sensa ndiyo mbovu, kesi imekwisha.

Alipofunga mpya hakukimbilia kufuta kodi. Kwanza aliifundisha kompyuta sifuri ya sensa mpya kupitia mashine, hatua ambayo magari mengi yanaihitaji na mafundi wengi wanairuka. Injini ikiwa na joto na haijakanyagwa, kipimo kikawa tarakimu moja. Kwenye mizunguko 3,000 kikapanda hadi makumi machache na kushuka mara tu alipoachia mafuta. Hivyo ndivyo DPF nzima inavyosoma. Akapitisha kidole ndani ya mdomo wa ekzosi, kikatoka kisafi, maana seramiki haijapasuka. Akahakikisha pia maji ya injini yanafika joto lake, kwa sababu thamostati iliyokwama wazi huweza kuzuia uchomaji usianze kabisa, na akakagua mipira ya turbo na namba za marekebisho ya nozeli (kompyuta inaongeza au kupunguza dizeli kiasi gani kwa kila moja), maana DPF inayojaa kweli huwa inajazwa na ubovu ulioko kabla yake, upande wa injini. Angeachiwa amalize yeye, ningewapa nyota nne. Hata tano, nilikuwa nimeshalainika.

Lakini bili aliandika mkuu. "Uchunguzi wa DPF", ambao hakuufanya. "Uchomaji", ambao haukuhitajika. Nikavuta stiki ya oili mbele yake: imepita alama ya juu na inanuka dizeli. Oili ya namna hiyo haina utelezi wa kulinda turbo wala beringi, na haipunguzwi, inamwagwa yote na filta inabadilishwa. Akasema dizeli ndivyo zilivyo. Nilipong'ang'ania akaleta galoni ya oili isiyo na alama yoyote ya ACEA C, yaani si ya majivu kidogo. Masizi yanaungua, majivu ya oili hayaungui. Yanabaki ndani ya DPF mpaka itolewe na kuoshwa. Mtu aliyetaka kuniuzia DPF mpya alikuwa tayari kuanza kuijaza ile nzima niliyonayo.

Nyota inabaki moja. Kijana akihama hapo, mtu aniambie amekwenda wapi.