Basi la mashabiki kutoka Mombasa hadi kwa Mkapa: kiti kinafaa, kifurushi hakifai

Wakala niliyesafiri naye ana afisi ndogo karibu na Mwembe Tayari, na kwa sehemu kubwa ya mwaka kazi yake ni kuuza tiketi za mabasi ya Tanga, Dar es Salaam na Nairobi. Msimu wa mashindano ya Afrika unapowadia, na timu ya Kenya ikapangiwa kucheza na klabu ya Dar, hukodi basi zima na kuuza anachokiita kifurushi cha shabiki: nauli ya kwenda na kurudi, malazi ya usiku mmoja, tiketi ya uwanjani na usafiri wa mjini, vyote kwa shilingi 9,500. Nilikinunua kifurushi hicho kwa mechi iliyochezwa Jumapili, saa kumi alasiri, katika Uwanja wa Benjamin Mkapa. Tathmini hii inahusu huduma aliyoniuzia wala si matokeo ya mchezo, ambayo abiria wenzangu hawatapenda kukumbushwa.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa ndiyo inayomfanya mtu wa kipato cha kawaida aamue kwenda au kubaki nyumbani na runinga. Nauli ya basi la kawaida kutoka Mombasa hadi Dar huwa kati ya shilingi 1,500 na 2,500 kwa upande mmoja, kutegemea kampuni na msimu. Shilingi moja ya Kenya hubadilishwa kwa takriban shilingi 19 au 20 za Tanzania, kwa hiyo chumba cha feni cha shilingi 30,000 za huko ni kama 1,550 za kwetu, na tiketi ya uwanjani ya mzunguko, yaani eneo la bei ya chini, ya shilingi 5,000 haifiki hata 300. Ukijumlisha na nauli za daladala, msafiri anayejipangia mwenyewe anaweza kwenda na kurudi kwa chini ya shilingi 6,000, chakula kikiwa kando. Kinachobaki, yaani zaidi ya shilingi 3,500, ni malipo ya kupangiwa mambo na mtu mwingine, na ni haki ya mteja kuuliza mambo hayo yamepangwa vipi.

Upande wa barabarani yamepangwa vizuri mno. Siku kadhaa kabla ya safari, wakala humtaka kila abiria afike afisini na pasipoti au hati ya muda ya kusafiria pamoja na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na asiyekuwa nazo harudishiwi tu fedha zake bali huelezwa pia aanzie wapi kuzitafuta. Hili si jambo dogo, kwani wapo Wakenya wengi wanaodhani kwamba kitambulisho cha taifa, kinachowavusha kuingia Uganda na Rwanda, kitawavusha pia mpaka wa Horohoro, ilhali Tanzania haimo katika mpango huo. Kuhusu kadi ya manjano, mambo mawili huwachanganya watu: chanjo huanza kutambuliwa siku ya kumi baada ya kuchomwa, kwa hiyo haifai kuisubiri hadi wiki ya mechi, na tangu mwaka 2016 cheti chake ni cha maisha, kwa hiyo mwenye kadi ya zamani hana haja ya kuchanjwa upya, hata akiambiwa vinginevyo na mtu anayetaka chochote mkononi. Wakala alitukumbusha pia kuacha nyumbani mifuko ya plastiki, ambayo Tanzania iliipiga marufuku Juni 2019, na ndiyo sababu mahamri yetu yote yalisafiri katika bahasha za khaki.

Basi liliondoka Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi kupitia barabara ya Dongo Kundu, likaikwepa kabisa foleni ya feri ya Likoni. Manufaa hayo yana gharama kwa wakaazi wa Likoni, kwa sababu basi haliwapitii tena na wao hulazimika kujifikisha Ukunda kwa matatu ili walisubiri huko. Mpakani, maafisa wa nchi zote mbili hufanya kazi mahali pamoja, kwa hiyo muhuri wa kutoka Kenya na wa kuingia Tanzania hupatikana bila kuhama jengo. Hata hivyo basi lililojaa hugeuka fujo pasipokuwa na msimamizi, na msaidizi wa wakala alitupanga kwa utaratibu wa viti, fomu zikiwa zimejazwa tangu tukiwa Msambweni. Alishauri pia kila mmoja abadilishe kiasi cha kutosha siku hiyo tu, na kingine abadilishe mjini katika duka la fedha. Ushauri huo ni wa maana, kwa sababu wabadilishaji wa kando ya barabara hujilipa vizuri, na tangu Machi 2025 kanuni za Tanzania zinataka malipo ya ndani yafanywe kwa shilingi ya huko, hivyo noti ya Kenya haitakununulia hata chai.

Mambo yaliharibika baada ya kuingia jijini. Basi liliishia Mbezi, katika kituo cha Magufuli kilichofunguliwa mwaka 2021, ambacho kiko mbali magharibi kwenye barabara ya Morogoro, wakati uwanja uko Temeke. Gesti aliyoichagua wakala iko Mbezi vilevile, na sababu yake haihitaji kuulizwa: ni karibu na basi lake, wala haikufikiriwa kwamba mteja hakuja Dar kulitazama basi. Vyumba vilikuwa safi na feni zilifanya kazi, lakini tuliwekwa watatu katika chumba ambacho kifurushi kilikieleza kuwa cha wawili. Ule usafiri wa mjini ulikuwa basi dogo moja la kwenda na kurudi kwa awamu, kwa hiyo siku ya mechi nusu ya abiria waliketi kibarazani kungoja zamu yao huku jua la adhuhuri likiwachoma.

Anayeujua mji kidogo tu angefanya vyema zaidi kwa fedha chache zaidi. Kutoka Mbezi unafika Kimara kwa daladala, unapanda mwendokasi, yaani mabasi yenye njia zao maalumu, ambao umekuwa ukifanya kazi tangu 2016, hadi Gerezani, kisha unalala Kariakoo, ambako gesti ni nyingi, chakula cha mama lishe kinapatikana kutwa, na safari ya kwenda uwanjani ni fupi. Sahani ya wali maharage ya Kariakoo, nilipokwenda kuitafuta mwenyewe Jumamosi usiku, ilikuwa chakula bora kuliko vyote vya safari hiyo, na kilikuwa cha bei ya chini kuliko chipsi kavu tulizouziwa Segera.

Lawama yangu kubwa ni tiketi. Tulikabidhiwa langoni, muda mfupi kabla ya mchezo kuanza, na zilikuwa za mzunguko, yaani za bei ya chini kabisa. Mzunguko wenyewe hauna ubaya, maana ndiko nyimbo ziliko. Lakini uwanja huu wenye viti 60,000, uliofunguliwa mwaka 2007, hujaa mapema katika mechi za Afrika, na anayechelewa hupata nafasi popote atakapoipata. Tulitawanyika wawili wawili katikati ya wenyeji, wakati lengo la kusafiri kwa kundi ni kukaa pamoja na kusikika. Tiketi za hapo hununuliwa kwa kadi ya N-Card, na hakuna lililomzuia wakala kuzinunua siku moja kabla na kutugawia gesti. Wenyeji, kwa haki yao, walitupokea kwa utani kuliko kwa ubaya. Wapo wanaoikumbuka klabu yetu ya Mombasa, Bandari ya Mbaraki, ilipoitoa Simba ya Dar kwa mabao 2-1 katika nusu fainali ya SportPesa Super Cup hapo hapo Dar, Januari 2019, kabla ya kufungwa 1-0 na Kariobangi Sharks katika fainali. Kumbukumbu hiyo ilitusaidia kujibu kila tulipoimbiwa kwamba kwa Mkapa hatoki mtu.

Kwa nini basi nisimshauri msomaji aachane na wakala huyu moja kwa moja? Kwa sababu ya saa ya kurudi. Mechi ya saa kumi humalizika karibu na saa kumi na mbili jioni, na anayetegemea basi la asubuhi hulazimika kulala usiku wa pili na kukosa kazi siku nzima ya Jumatatu. Gharama hiyo ya pili humeza akiba yote aliyoipata kwa kujipangia. Basi letu lilikuwa limeegeshwa hatua chache kutoka uwanjani, likaondoka saa mbili usiku likiwa na madereva wawili wa kupokezana, likavuka mpaka alfajiri, na asubuhi ya Jumatatu tukawa Mombasa kabla afisi hazijafunguliwa. Miaka michache iliyopita ratiba kama hiyo isingewezekana, kwa sababu Tanzania iliyazuia mabasi ya abiria kusafiri usiku hadi katazo hilo lilipoondolewa mwaka 2023. Anachokiuza wakala huyu, hata kama yeye mwenyewe hakitangazi hivyo, ni basi linalomngoja shabiki hadi filimbi ya mwisho, na hicho sijakiona kwa kampuni za kawaida.

Kiti peke yake, kwenda na kurudi, anakiuza kwa shilingi 5,000. Kwa bei hiyo ninakipendekeza bila kusita. Kifurushi kizima sikipendekezi kwa yeyote anayeweza kuuliza njia, na mtu wa Mombasa aliyeko Dar hana lugha ya kumshinda.

Limebaki suala la kurudishiwa fedha. Ukiacha wale wanaokosa hati, risiti yake imechapishwa kwamba malipo hayarudishwi, jambo ambalo kwa safari ya mpira ni hatari, kwa sababu saa na hata uwanja hubadilishwa. Mei 2025, mechi ya marudiano ya fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika kati ya Simba na RS Berkane ya Morocco ilihamishwa kutoka kwa Mkapa hadi Uwanja wa Amaan, Zanzibar, kutokana na hali ya nyasi. Kwa aliyetoka Mombasa kwa basi, badiliko la namna hiyo maana yake ni nauli ya boti na usiku wa ziada. Nilipomkabili kwa mfano huo, wakala alikubali kuandika kwa mkono nyuma ya risiti kwamba uwanja ukibadilishwa nauli itarudishwa yote. Mtake akuandikie vivyo hivyo kabla hujamtumia fedha, na umtajie mapema kwamba unataka kiti pekee, maana ukimuuliza bei bila kufafanua atakutajia ya kifurushi.