Fimbo za Nancy Lopez nilizozipata Memorial

Nimezitumia fimbo hizi za gofu miezi mitano sasa, kila Jumamosi asubuhi pale Moshi Club, masika yote, kwa hiyo naweza kuzisemea.

Siku hiyo nilikwenda soko la mtumba la Memorial, hapa Moshi, kutafuta mashuka. Kijana mmoja anayeuza mabegi ya mtumba alikuwa na begi la gofu lililochanika ubavuni, ndani yake fimbo saba. Nikafuta vumbi kwenye kichwa cha namba 7, nikasoma jina: Nancy Lopez, yule mcheza gofu mashuhuri wa Marekani. Nilikaa juu ya belo la nguo kwanza. Aliniambia, "Mama, laki tatu." Tukapatana kwa laki mbili na nusu.

Nieleze kwa nini jina lile lilinishika. Baba yangu alikuwa fundi wa kunyoosha bodi za magari, Majengo. Baba yake Nancy, Domingo, naye alikuwa na gereji ya bodi mjini Roswell, New Mexico, na ndiye aliyemfundisha binti yake gofu kuanzia miaka minane. Walicheza kwenye uwanja wa umma. Inasimuliwa kuwa Domingo hakutaka Nancy aoshe vyombo, kwa sababu mikono ile ilikuwa ya gofu. Mimi nimelelewa hapa Moshi, mtoto wa kike wa kwanza, najua uzito wa neno hilo.

Akiwa na miaka 12 alishinda ubingwa wa wanawake wasiolipwa wa jimbo lao. Sekondari alicheza kwenye timu ya wavulana. Mwaka 1978, mwaka wake wa kwanza kamili akiwa mchezaji wa kulipwa, alishinda mashindano tisa, matano kati ya hayo mfululizo, miezi michache tu baada ya kumzika mama yake. Kwa jumla alipata ushindi mara 48 kwenye ziara ya LPGA, yaani mfululizo wa mashindano ya wanawake wa kulipwa Marekani.

Sasa fimbo zenyewe. Ni nyepesi! Miaka mitatu nilicheza na seti ya wanaume yenye mipini ya chuma, na kila mzunguko ukiisha bega la kulia linawaka moto. Hizi zina mipini ya kaboni, ni fupi kidogo, na sehemu ya kushikia ni nyembamba kiasi kwamba vidole vyangu vinakutana. Namba 7 ya zamani ilinifikisha mita 80 nikijitahidi; hii inanipeleka karibu 100 bila kukaza mwili. Mpira unapaa mapema, unatua taratibu kwenye grini, ile nyasi fupi inayozunguka shimo. Kedi wangu, yaani mbeba fimbo, mzee asiyesifu ovyo, alitazama mpira wa tatu akasema, "Dada, hizo ni za kwako."

Raba za kushikia zilikuwa zimekauka kwa umri, nikazibadilisha zote saba. Fimbo ya kusukumia mpira shimoni haikuwemo, nikabaki na yangu ya zamani. Ukijumlisha, nimetumia chini ya laki nne, na sijutii hata shilingi.

Kuna jambo moja la Nancy ambalo huwa nalikumbuka nikiwa mbele ya shimo. Mashindano ya wazi ya wanawake ya Marekani hakuwahi kuyashinda; alimaliza wa pili mara nne. Mwaka 1997, akiwa na miaka 40, alipiga mikwaju 69, 68, 69 na 69 kwa siku nne; kwenye gofu mwenye mikwaju michache ndiye mshindi. Hakuna mwanamke aliyewahi kupiga chini ya 70 siku zote nne katika mashindano hayo kabla yake. Alison Nicholas wa Uingereza akampita kwa mkwaju mmoja, 274 kwa 275. Inaniuma mpaka leo, nami sikuwepo.

Dada zangu mnaoazima fimbo za waume zenu, acheni. Juzi nimepita kwa yule kijana, ana begi jingine la bluu, fimbo nne za kike, mipini ya kaboni. Shika moja kwanza, vidole vikikutana, anza kupatana bei.