Maganda ya njugu juu ya abstrakti yangu: komprehensivu au thadi pati?

Nilikuwa nimelipa komprehensivu, ile bima kubwa inayolipia hata gari lako mwenyewe, miaka mitatu mfululizo bila kudai hata senti. Gari langu lilikadiriwa sh. 800,000, na kila mwaka nilitoa sh. 32,000 na ushee nikijua nimenunua usingizi.

Jioni moja ya mvua, hapa Kisumu pale Kondele, boda ikanivaa upande wa mbele. Taa ikapasuka, bampa ikaning'inia. Jamaa akajiinua, akawasha pikipiki, akatokomea. Hata namba sikuiona.

Nilichukua abstrakti, ile karatasi ya polisi ya kuthibitisha ajali, nikaipeleka ofisi ya bima. Kijana wa madai alikuwa anamenya njugu. Hakuniamkia, na mimi ni rika la mamake. Aliitandaza karatasi yangu mezani akaendelea kumenya juu yake, yale maganda mekundu yakajaa palipo na muhuri. Nikamwambia, "Mwanangu, hiyo ni abstrakti." Akaipuliza. "Mama, ngoja asesa," akasema, macho yako kwa simu.

Asesa, yule mkaguzi wa kukadiria hasara, nilimngoja wiki nyingi, bampa nimeifunga kwa kamba ya nailoni, usiku siendeshi. Fundi alisema sh. 58,000. Ndipo nikasikia habari ya eksesi: asilimia 2.5 ya thamani ya gari, yaani 20,000, zitoke mfukoni mwangu! Ajenti aliyeniuzia hakuwahi kulitaja neno hilo. Yule kijana naye: "Si iko kwa polisi yako ya bima? Hukusoma?" Kweli imeandikwa, kurasa za nyuma, kwa herufi kama mayai ya chawa.

Siku hiyo niliapa narudi thadi pati, na kila aliyeniuliza nilimwambia komprehensivu ni wizi mtupu. Sheria, ile Sura ya 405, inadai bima ya yule utakayemuumiza wewe, ndiyo hiyo thadi pati, basi. Trafiki akikusimamisha hana neno.

Kisha nikamkumbuka kaka yangu wa Ahero. Aligonga ng'ombe usiku karibu na Awasi, naye ana thadi pati. Gari lake hakulipiwa chochote, maana bima hiyo hailitazami gari lako kabisa. Mpaka leo limekalia mawe nyuma ya nyumba, kuku wanatagia kwenye siti. Langu angalau lilitengenezwa, na rangi imekubali. Kwa hiyo lile neno la wizi nalirudisha. Gari la laki mbili labda ulilipie thadi pati ujikaze, lakini la laki nane likienda utalitoa wapi lingine?

Ila zile 38,000 zao zilizobaki nilizifuata mpaka wenye tuktuk wakanizoea! Hapana. Komprehensivu nitalipa, lakini kwingine, na eksesi nitaiuliza kabla sijatoa shilingi. Ofisi ile sikanyagi tena hata wanipe bima bure. Muda wote ule hakuna hata mmoja aliyeniambia pole.