Fredoka kwenye mabango na stika: uzoefu wangu

Kazi yangu ni mabango, stika na kadi. Wateja wengi hawajui fonti (mtindo wa herufi) wanayoitaka inaitwaje, wanakuonyesha picha kwenye simu: "Nataka hii nene ya kitoto." Mara nyingi ni Fredoka.

Ilichorwa na Milena Brandão, na mwanzoni ilikuwa Fredoka One, yenye unene mmoja tu. Fredoka ya sasa unaichagulia unene kuanzia 300 (nyembamba) hadi 700 (nene), na upana kuanzia asilimia 75 hadi 125 ya upana wa kawaida. Huo upana ndio ulionihamisha. Jaribu kuandika "Kituo cha Kulelea Watoto Wadogo Mchana" kwenye kibao cha futi 4 kwa ile ya zamani. Itabidi uibane kwa kipanya mpaka ienee, na herufi ikibanwa hivyo inaharibika sura: mistari ya wima inakonda, ya mlalo inabaki minene. Hii mpya unaipunguza upana na herufi zinabaki na mwili wake.

Kwenye stika ndiko inakonifurahisha zaidi, kwa sababu haina ncha. Fonti yenye kona kali, ukishaikata kwenye mashine na kuanza kuondoa mabaki yanayozunguka herufi, vile vipembe vinanyanyuka pamoja nayo, unabaki kuvirudisha kwa kucha. Hata vikishika, ukibandika kwenye bajaji inayooshwa kila jioni, stika inaanza kubanduka hapo hapo kwenye kona. Fredoka imeviringwa kila upande, mabaki yanatoka vizuri na stika inakaa.

Ila usiiandike ndogo! Kiswahili kimejaa a na e, na kwenye herufi nene matundu yake ni madogo. Jina "Juisi ya Ukwaju" mbele ya chupa linapendeza sana, lakini viungo na tarehe ya mwisho wa matumizi vikiandikwa hivyo hivyo, wino unaziba matundu na a inageuka doa. Maandishi madogo nayaweka kwa Nunito, ambayo nayo ina miisho ya mviringo lakini ni nyembamba. Zinaelewana.

Halafu kuna suala la mahali pake. Chekechea, aiskrimu, bethidei, sawa kabisa. Mteja mmoja aliipenda kwenye keki ya mwanawe, akaja kuitaka kwenye fulana za arobaini ya babu yao. Sikubishana naye, nilimchapia mfano kwenye karatasi. Aliuangalia kidogo, akacheka mwenyewe, tukatafuta nyingine.

Bei? Bure. Ipo Google Fonts kwa leseni ya SIL Open Font License, kwa hiyo kazi ya mteja anayelipa unaifanya bila wasiwasi. Kuiuza fonti yenyewe peke yake ndiko hairuhusiwi. Naipa nyota 4 kati ya 5.