Saa ya babu: fundi alivyonisomea ni Omega gani (uzoefu wangu)

Babu alipofariki mama alinipa saa yake, imefungwa ndani ya leso, mkanda umekatika na haitembei. Nyumbani wote tunaiita "ile Omega ya dhahabu" na maneno juu yake ni mengi, mama anasema babu aliinunua Aden, bandari ya Yemen, zamani akiwa baharia, mjomba anakataa, anasema ile ni zawadi alopewa alipostaafu miaka ya sabini. Mimi nlitaka tu nijue ni saa gani hasa na ya mwaka gani, kuuza siuzi.

Duka la kwanza hapa Mombasa silitaji jina. Yule jamaa hata hakuifungua, akaiangalia juu juu akasema imechakaa, niache elfu nne aipige polishi na uso aupake rangi upya itoke kama mpya, ama kama sitaki tubadilishane anipe saa mpya ya betri. Roho ikanikataa nikaondoka nayo. Nashukuru sana, kwa sababu baadae ndo nimejua uso ukishapakwa rangi upya saa ya zamani inashuka thamani vibaya na haurudi tena ule wa kiwandani.

Jirani akanielekeza kwa fundi saa mmoja mzee kule Mji wa Kale, ana kimeza chake tu na taa. Huyu ndo nataka niwaambie habari zake. Akaweka lenzi jichoni akakaa kimya muda mrefu, haifungui, anaigeuza tu polepole. Akanionyesha uso wake hauko bapa, umeinama pembeni kwa pande 12 kama sahani iliyopinduliwa, na chini kuna nyota ndogo ya kubandikwa, sio ya kuchorwa. Maandishi ni Constellation, ndo jina la aina hiyo ya Omega. Halafu katikati ya kioo, kioo chenyewe ni cha plastiki, kuna alama ya Omega ndogo mnoo, bila lenzi huioni kabisa! Nyuma kuna picha ya kuba la kutazamia nyota, nyota zenyewe zinatakiwa ziwe 8, ya babu zinaonekana saba, moja imesagika kwa kuvaliwa.

"Mwanangu," akaniambia, "huku nje mtu anaweza kubandika chochote, jina lake la kweli limeandikwa ndani."

Akafungua mfuniko. Mimi nlikua sijawahi kuona ndani ya saa kama ile, mashine yote rangi ya shaba iliyoiva, inang'aa kama imetoka juzi. Imepigwa namba 561 na mawe 24 (vile vijiwe vigumu vinavyoshika magurudumu yasisagike), hiyo ni mashine inayojijaza yenyewe mkono ukitembea. Ndani ya mfuniko kuna 168.005, hiyo ndo namba ya kasha, yaani mwili wa nje wa saa, na mzee akanieleza kwamba 561 na 168.005 ni ndugu, zimetoka pamoja, maana kuna saa nyingi mjini mashine ni ya saa moja na kasha ni la nyingine, zimeunganishwa na mtu akauziwa kama ni moja. Namba ya serial kwa Omega za wakati ule iko kwenye mashine, sio nje. Yetu ina tarakimu nane na inaanza na 20, hizo zinaangukia karibu na 1963.

Hapo nikampigia mama simu nikiwa palepale dukani. 1963 Aden bado iko chini ya Waingereza na ni bandari isiyo na ushuru, mabaharia walikua wakinunua saa huko. Siwezi kusema imethibitika, lakini mwaka unakubaliana na hadithi ya mama kuliko ya mjomba. Mama alinyamaza, halafu akasema tu "nlijua."

Dhahabu sasa. Ingekua dhahabu tupu ndani ya mfuniko kungepigwa muhuri wa 750 au 18K, haupo. Nyuma na ndani ni chuma kisichoshika kutu, juu ndo kumefunikwa bamba la dhahabu. Mzee alinambia hivyo bila kuzunguka, na hicho ndicho kilichonifanya nimuamini kwa mengine yote. Akanionyesha pia kile kipini cha pembeni cha kutilia ufunguo kimebadilishwa, cha asili kilikua na pembe kumi, hiki ni cha mviringo.

Malipo: kufungua na kunisomea 1,500. Nikamwachia aisafishe na kuitia mafuta, 9,000 nyingine, uso hakuugusa, kasha hakulipiga polishi, mikwaruzo ya babu iko vilevile. Ubaya ni muda, alisema wiki mbili ikawa karibu sita, na hana risiti rasmi, nlimuomba akaniandikia namba zote kwa mkono kwenye karatasi, na wewe omba hivyohivyo. Piga na picha ya mashine ikiwa wazi kabla hujaiacha kwa mtu yeyote.

Inatembea sasa, nimeivaa naandika haya. Kile kipini cha pembe kumi bado anakitafuta, amesema akikipata atanipigia.