Kukinga injini ya pikipiki na tope la barabarani: ununue nini kwanza, na nini uache dukani

Mvua ya masika mwaka juzi ilinikuta kati ya Awasi na Ahero, miji midogo karibu na Kisumu, nimembeba mama mmoja aliyekuwa anakwenda kumwona binti yake hospitalini. Pikipiki ikaanza kukohoa, ikapiga mishindo miwili, ikazima. Nikapiga kiki hadi goti likauma. Yule mama alisimama pembeni na mwavuli wake, akaniambia kwa upole, "Mwanangu, nisimamishie mwingine, nisije nikachelewa." Nikamsimamishia. Halafu nikasukuma pikipiki hadi Ahero.

Fundi niliyempata alikuwa mzee wa makamo. Aliinama, akatazama mbele ya injini, akasema, "Omera (ndugu, kwa Kijaluo), injini yako imevaa koti." Alipochomoa kepu ya plagi, yalidondoka maji ya rangi ya chai. Kisha akachukua bisibisi bapa akaanza kukwangua katikati ya mapezi ya silinda, yale mabamba membamba yanayoizunguka. Udongo mweusi wa nyanda za Kano ulikuwa umekauka humo kama plasta ya ukuta, ukitoka vipande vipande, kila kipande kina alama za mapezi pande zote mbili. Nilikishika kimoja mkononi. Kilikuwa bado cha moto.

Tangu siku hiyo nimejaribu karibu kila kitu kinachouzwa au kutengenezwa Kisumu kwa ajili ya kuzuia tope lisifike kwenye injini. Vingine vilinisaidia sana. Kimoja karibu kiniharibie injini. Nitavipanga hapa kwa jinsi ninavyoviamini, kwa sababu naona wenzangu wengi wakitoa pesa kwa vyuma vya kung'aa huku tatizo lenyewe liko sentimita chache juu ya barabara.

Kwanza, elewa tope linatoka wapi. Tairi la mbele linapozunguka, upande wake wa nyuma unapanda juu. Maji yanayong'ang'ania mpira huachiwa njiani. Yale yanayoachiwa karibu na lami huruka nyuma yakiwa chini chini, hayana shida kubwa. Yanayoachiwa juu kidogo huruka kwa mshazari, nyuma na juu kwa pamoja, na hayo ndiyo yanayopiga silinda, plagi, na shingo ya eksozi. Madigadi ya mbele, ile kinga inayofunika tairi, ya pikipiki nyingi za kazi huishia mapema mno kwa nyuma. Inakinga uso wako na taa, lakini injini imeachwa wazi.

Unaweza kulipima hili mwenyewe bila kununua kitu. Tafuta fimbo iliyonyooka, au kipande cha bomba la umeme. Mwambie mtu akae kwenye kiti ili shoki zishuke kama kawaida. Pitisha fimbo nyuma ya tairi la mbele, iguse mpira wa tairi na wakati huohuo iguse ncha ya chini kabisa ya madigadi. Sasa tazama ncha ya juu ya fimbo inaelekea wapi kwenye injini. Hapo ndipo tope linaweza kufika likiruka moja kwa moja. Yangu ilielekea kwenye plagi kana kwamba mtu alilenga bunduki. Ukishusha ncha ya madigadi, fimbo inalala, na tope linashuka kutoka kwenye plagi hadi kwenye silinda, kutoka kwenye silinda hadi kwenye kasha la chini la injini, ambako kuna chuma kinene na hakuna waya. Kila kitu utakachonunua, kipime kwa fimbo hiyo.

Na kwa nini uhangaike? Injini nyingi za bodaboda hupozwa na upepo peke yake. Hakuna rejeta, hakuna maji. Mapezi yale yamewekwa ili upepo upite katikati na kuondoa joto, na yakijaa udongo joto linabaki ndani, oili inakuwa nyepesi, nguvu inapungua mlimani. Baadhi ya injini pia zina kitundu kidogo kando ya shimo la plagi cha kutoa maji. Tope likikiziba, maji husimama hapo na plagi hukaa kwenye bwawa.

Nafasi ya kwanza: mpira wa kuning'inia chini ya madigadi ya mbele

Ni kipande cha mpira tu, kinachofungwa kwenye ncha ya nyuma ya madigadi na kushuka kuelekea barabarani. Hakuna kitu kilichonisaidia zaidi, na hakuna kilichonigharimu kidogo zaidi. Mimi nililipa shilingi 300, mpira na kazi ya kutoboa pamoja.

Siri iko kwenye aina ya mpira. Tyubu ya tairi ni laini mno: ukifika mwendo wa hamsini upepo unaisukuma nyuma, inalala kama bendera na tope linapita chini yake. Mpira wa tairi, ule wanaokatia akala, ni mzito mno na utavunja madigadi ya plastiki kwenye mashimo ya bolti. Unaofaa ni ule mpira mweusi unaoning'inia nyuma ya magurudumu ya malori, au kipande cha mkanda wa mitambo ambao si mnene sana, milimita tatu au nne. Ukunje kwa mkono. Unapaswa kukubali kupinda lakini urudi wenyewe ukiachia. Pale soko la Kibuye, Kisumu, utapata vipande vilivyotumika, na wakata akala wana visu vinavyoukata kwa mstari mmoja safi. Nenda na karatasi ngumu uliyoikata kwa umbo unalotaka, ili usibishane na mtu kwa maneno.

Upana wake uzidi tairi kidogo pande zote mbili. Urefu wake uache kama sentimita 10 hadi 12 kutoka chini ukiwa umekaa kwenye pikipiki. Ukiushusha zaidi utaburuta kwenye matuta na siku moja tairi litaukanyaga unaporudisha pikipiki nyuma kwenye steji. Uning'inie wima, usifuate mviringo wa tairi. Mpira uliosimama mbali kidogo na tairi hukata mstari wa tope chini zaidi kuliko uliolibana tairi, na fimbo itakuonyesha hivyo.

Hapa kuna jambo moja ambalo mafundi wawili walilikosea kwangu. Vichwa vya bolti viwe upande wa tairi, nati ziwe nje. Ukigeuza, ncha ya bolti inaelekea mpira wa tairi, na siku madigadi ikipinda itakata tairi ukiwa mwendoni. Tumia washa pana ili mpira usichanike kwenye mashimo, na nati zile zenye plastiki ndani zisizolegea kwa mtikisiko. Kama madigadi ni ya chuma, paka rangi kwenye tundu jipya kabla ya kufunga, la sivyo kutu itaanzia hapo.

Kisha shika breki ya mbele, sukuma usukani chini kwa nguvu mara kadhaa. Madigadi nyingi hupanda na kushuka pamoja na gurudumu, kwa hiyo shoki zinapozama mpira wako unasogea karibu na bomba la eksozi. Ukigusa utayeyuka, utanuka, na utafikiri waya unaungua. Acha nafasi ya vidole vitatu hata shoki zikiwa zimezama kabisa.

Nafasi ya pili: kipande cha plastiki cha kurefusha madigadi

Hiki hutengenezwa kiwandani kwa kufuata umbo la madigadi ya pikipiki fulani. Kinapendeza, hakipepei, na ukipata kinachokaa sawasawa kinafanya kazi karibu sawa na mpira. Nakiweka cha pili kwa sababu mbili. Vingi vinavyouzwa ni vifupi, vinaongeza urefu wa kiganja tu, na fimbo yako itabaki inaelekeza kwenye mapezi. Na plastiki ngumu hupasuka ikigonga tuta au ukingo wa barabara, wakati mpira ungepinda tu.

Ukikinunua, usikubali kibandikwe kwa gundi peke yake hata kama muuzaji anaapa. Gundi na joto la Kisumu haviishi pamoja muda mrefu. Osha pale pa kushikia kwa petroli kidogo, kwaruza kwa msasa, paka gundi, kisha ongeza bolti mbili. Mimi nilikifunga hivyo kwenye pikipiki ya shemeji yangu, halafu nikaongeza kipande kifupi cha mpira kwenye ncha yake. Kwa anayesafiri zaidi kwenye lami, kama barabara ya Kisumu kwenda Kakamega, mchanganyiko huo ndio ningeuchagua. Kakamega hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na lami yenye maji kila jioni hurusha matone madogo madogo yanayopenya kila mahali.

Nafasi ya tatu: bamba la chini ya injini

Bamba la chuma au alumini linalofungwa chini na mbele ya kasha la injini. Kazi yake hasa ni mawe. Ukipita barabara za kokoto za Nandi Hills, au njia za miwa Chemelil na Muhoroni ambako matrekta huacha mabonge ya udongo na mawe kwenye lami, basi lina thamani yake. Jiwe likipasua kasha la injini umepoteza oili yote kabla hujajua. Kwa tope peke yake halitoshi, maana halifiki kwenye plagi wala silinda.

Mchomeleaji aliniitisha shilingi 1,800 na nikaridhika. Kabla hujalipa hakikisha mambo matatu: bolti ya kumwagia oili ifikiwe bila kufungua bamba zima, kuwe na matundu chini ya kutokea maji na udongo, na ukingo wa mbele usipande hadi kufunika mapezi. La kwangu la kwanza halikuwa na matundu. Baada ya wiki moja ya mvua nilikuta humo udongo wa kutosha kupandia sukuma wiki.

Nafasi ya nne: kinga ya ndani ya gurudumu la nyuma

Ni nzuri kwa shoki za nyuma, kwa kabureta na kasha la chujio la hewa, ambavyo hupigwa na tairi la nyuma. Kwa injini yenyewe haifanyi mengi. Watu wa Nakuru ndio ningewashauri waitazame, kwa sababu udongo wa kule ni wa majivu ya volkeno. Haunati kama wa Kano lakini ukilowa unakwaruza cheni kama msasa. Wengine, wekeni pesa mbele kwanza.

Usinunue: pazia la turubai mbele ya injini

Hili ndilo lililotaka kuniharibia injini. Ni turubai au ngozi bandia inayofungwa kwenye vyuma vya kukinga miguu, ikafunika mbele yote ya injini. Inazuia tope kweli, na magoti yako yanakaa makavu. Lakini inazuia pia upepo. Nilipanda nayo kutoka Kisumu kuelekea Maseno na abiria mmoja na gunia la mahindi, na kabla ya kufika juu pikipiki ilikuwa haina nguvu, injini inagonga, na harufu ya oili iliyoungua inanifikia usoni. Niliivua hapo hapo kando ya barabara. Kama unayo tayari, ikate katikati ubakishe mbawa mbili za pembeni za kukinga miguu, silinda iwe wazi kabisa.

Kwa wanaoishi kwenye udongo wa mfinyanzi

Ahero, Nyando, na njia zote za ndani ya Kano ni kesi ya peke yake. Udongo ule mweusi hushika tairi, hujaa ndani ya madigadi, na hatimaye gurudumu la mbele linakwama. Wengi huivua madigadi yote mvua ikianza, na ninawaelewa, kwa sababu gurudumu likikwama ghafla unaanguka. Ila ukiivua, tope lote ni la injini na uso wako. Nilichofanya mimi ni kuinua madigadi kwa kuweka vipande vifupi vya bomba chini ya bolti zake, tairi likapata nafasi ya vidole viwili vinene juu yake, na kununua bolti ndefu zaidi za kufikia. Kisha mpira nikaurefusha kufidia pale nilipoinua. Udongo unaingia na kutoka. Kila nikifika steji napitisha kijiti mle ndani.

Wakati wa kuosha, acha injini ipoe kwanza, na usimruhusu kijana wa karwoshi kuelekeza mashine ya presha kwenye plagi au kabureta. Presha ile inasukuma maji mahali ambapo mvua isingefika. Mapezi yasugue kwa brashi ya mswaki mkuukuu na maji ya sabuni. Paka grisi ya silikoni kidogo ndani ya mdomo wa kepu ya plagi, ili maji yasipate njia.

Jana ilinyesha tena na nikapita njia ileile ya Awasi. Nilipofika nyumbani niliinama na tochi. Mstari wa tope uliishia kwenye kasha la chini, upana wa kidole kimoja chini ya pezi la kwanza, na plagi ilikuwa kavu.